Uchovu Usioondoka kwa Usingizi

Mwezi huu tuzungumze juu ya kazi: ile tunayowafanyia waajiri wetu, na ile tunayofanyiwa na wengine nyumbani kwetu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika wodi ya wazazi ya hospitali moja. Wenzetu wawili walikuwa likizo ya uzazi na hapakuwa na wa kushika nafasi zao. Nikimaliza zamu ya usiku, mara nyingi nilibaki hadi saa sita mchana, maana asubuhi alikuwapo muuguzi mmoja tu. Usiku mmoja, mama aliyekuja kujifungua mtoto wake wa kwanza aliniita mara ya tatu. Nikamjibu kwa ukali, "Kwani wewe ndiye wa kwanza kuzaa?" Akanyamaza, na hakuniita tena. Mtoto alipokuwa anatoka, aliyepaza sauti ni mama wa kitanda cha jirani. Nilifika mbio nikampokea mtoto, naye akalia vizuri. Lakini ukimya wa yule mama ulinitesa. Aliona heri ahangaike peke yake kuliko kuniita mimi niliyeajiriwa kumsaidia.

Asubuhi nilimweleza matroni, nikitegemea kukemewa. Yeye alichukua orodha ya zamu akahesabu kwa kidole: siku 16 bila hata siku moja ya mapumziko. "Kamwombe radhi yule mama," akasema, "halafu uende nyumbani ukalale." Nilifanya yote mawili.

Hali iliyonipata inajulikana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza katika orodha yake ya magonjwa, likasema kwamba si ugonjwa, bali ni matokeo ya shinikizo la kazi la muda mrefu ambalo halikushughulikiwa vizuri. Dalili zake kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu kabisa. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi, hata unaanza kuichukia au kuwadharau unaowahudumia. Ya tatu ni kuona kwamba lolote ufanyalo halina maana. Mama, ukijiona hivyo, usijiite mvivu wala mwenye roho mbaya. Zungumza na mkuu wako wa kazi mapema, kabla hujafika nilikofika mimi. Usingizi wa usiku mmoja hautoshi ikiwa kesho unarudi kwenye mzigo uleule. Na kama huzuni au kukosa usingizi kunaendelea kwa wiki mbili au zaidi, nenda ukaonane na daktari.

Ni vizuri pia tujue haki zetu. Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Inatoa likizo ya mwaka ya siku 28, na likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 kwa mama aliyejifungua pacha. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake wakati wa kazi. Na kila mfanyakazi apate walau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki.

Niliposoma kifungu hicho cha mwisho nilifurahi sana kwa ajili yangu. Furaha hiyo haikudumu.

Jioni moja binti wa miaka 19 aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani aliangusha glasi ikavunjika. Kabla sijafungua kinywa, alijikunja akanyamaza. Mama, ulikuwa ukimya uleule wa wodini! Nikamuuliza, "Wewe siku yako ya kupumzika ni ipi?" Akaniangalia kama mtu asiyeelewa. "Siku gani, mama?"

Usiku ule nilimhesabia kama matroni alivyonihesabia mimi. Alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko, na kulala saa nne usiku vyombo vikiisha. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ngumu kuliko zote, kwa kuwa tulirudi kutoka kanisani na wageni. Mimi niliyekuwa nikitembelea wagonjwa wa mtaa mzima pamoja na akina mama wenzangu, sikuwahi kumwuliza binti huyu kama mgongo unamwuma. Na amri ya Sabato, katika Kutoka na katika Kumbukumbu la Torati, inamtaja waziwazi mtumishi wa nyumbani kuwa naye apumzike. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi.

Sheria ile ya 2004 inamhusu na yeye. Ndivyo unavyosema pia Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, juu ya wafanyakazi wa nyumbani: walau saa 24 mfululizo kila wiki.

Tulikubaliana apumzike kuanzia Jumamosi jioni hadi Jumapili jioni. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Jumapili ya kwanza wali uliungua, baba watoto akatafuta soksi nusu saa, na wanangu wa kiume wakanung'unika juu ya vyombo. Baada ya mwezi mmoja wakazoea. Binti naye akajiunga na kwaya ya vijana.

Siku moja aliniwahi mlangoni: "Mama, mtoto ana homa tangu saa nane, na mchana aliangushwa na mwenzake, nimeona nikuambie." Zamani angenificha. Mtu aliyechoka hukosea zaidi, na anayeogopa huficha alichokosea. Wodini jambo hilo linaweza kumuua mgonjwa. Nyumbani, anayeumia ni mtoto wako.

Basi mwezi huu jaribu haya. Andika saa ambazo msaidizi wako anaamka na kulala kwa wiki moja, uzihesabu. Mchagulie pamoja naye siku ya mapumziko, na siku hiyo usimtume hata dukani. Mpe mshahara wake mkononi kwa tarehe mliyopatana, bila kungoja aombe. Mwonyeshe mahali pake pa kulala penye chandarua. Akiumwa, ampumzishe yule yule ambaye angempumzisha binti yake wa kumzaa.

Na wewe unayeajiriwa, hesabu siku zako pia, kisha umpelekee mkuu wako hesabu hiyo kwa heshima, ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Matroni wangu alihitaji kuziona zile siku 16 ndipo apange zamu upya.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda. Kapumzike, mama.