Mbolea Bila Maji Ni Kumwonea Mkulima

Wako watumishi wa umma ambao, kila mavuno ya mpunga yanapopungua katika Bonde la Kilombero, humlaumu mkulima: eti mvivu, eti hataki mbolea. Kasumba hiyo haina budi kupingwa.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Lakini mmea hauli punje za mbolea. Hunywa naitrojeni iliyoyeyuka majini. Udongo ukikauka, mizizi haiipati. Jaruba lililokauka likifurika tena, naitrojeni iliyokwisha kugeuka naitreti hupotea angani.

Mashamba mengi ya mpunga kuzunguka Ifakara hutegemea mvua. Kumhimiza mkulima wa huko anunue mbolea, bila kumsaidia kuhifadhi maji, ni kumtwisha deni. Mwaka 1972 kule Iringa Chama kilitamka kwamba Siasa ni Kilimo. Hakikutamka kwamba kilimo ni hotuba.

Basi bwana shamba atoke ofisini, kingo za majaruba ziinuliwe, mbolea itiwe kidogo kidogo wakati maji yapo. Mwalimu naye aifundishe elimu hiyo katika shamba la shule. Maji kwanza, lawama baadaye!