Nani alikuwa wapi?

Juma lililopita mmoja wenu aliniuliza kwa nini ninamwachia binti yangu asome vitabu vya uuaji. Nimelifikiri swali lake.

Kule Italia vitabu vya namna hii vinaitwa giallo, maana yake njano, kwa sababu nyumba ya Mondadori ilianza kuvitoa mwaka 1929 na jalada la rangi hiyo. Giorgio Scerbanenco aliwaweka wauaji wake mjini Milano. Mji unavifaa vitabu hivi: watu ni wengi, na jirani hamjui jirani. Katika Kiswahili, Elvis Musiba wa Tanzania alimtuma mpelelezi wake Willy Gamba hadi Nairobi, kisha Kinshasa.

Lakini kitabu alichokuwa anasoma binti yangu si cha mji. Ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla wa Unguja, kilichotoka mwaka 1960. Mtu anakutwa ameuawa mahali penye mzimu. Pale ambapo mwingine angeogopa mizimu, Bwana Msa anakuja na kiko chake na kuuliza: nani alikuwa wapi, nani alimwona wa mwisho, nani anapata faida?

Mjini watu hawajuani, basi wanaulizana. Sisi huku Kasongo tunajuana wote, na hapo ndipo shida yetu. Mtoto akifa ghafla, kabla hajazikwa, macho yameshaenda kwa bibi mzee anayelala peke yake. Mwaka jana katika kartie yetu vijana walimng'olea bibi mmoja mlango wake, wakisema ni mchawi. Akakimbilia kwangu usiku, bila viatu. Nilimfunika kanga, nikakosa la kusema, kwa sababu hata mimi, nakiri, nilikuwa na shaka kidogo.

Binti yangu ndiye aliyeuliza, kitabu bado mkononi: «Mama, yule mtoto alianza homa siku gani? Nani alimpa dawa?»

Ilikuwa siku ya nne. Hakuna aliyekuwa amempeleka kwenye kituo cha afya.

Kitabu kiko kwangu. Kila kundi linaweza kukaa nacho majuma mawili. Jalada limeng'oka, lakini kurasa zote zipo.