Magoti ya Shangazi na Umeme wa Mchina

Nimekuwa kimya siku nyingi, mnisamehe. Chumba cha habari mnakijua. Jumapili iliyopita nilichomoka, basi hadi Mlandizi, kisha bodaboda hadi Gwata kumsalimia shangazi. Nilifika nimekuwa mwekundu kwa vumbi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nisamehe sinyanyuki, kunyanyuka siku hizi ni safari."

Magoti. Yule mama kalima tangu akiwa binti, na hospitali wameshamwambia magoti yamesagika, yaani lile gegedu linalotenganisha mifupa limelika. Anameza diklofenaki kila siku kama karanga, na sasa tumbo linamchoma. Halafu akanitolea kipande cha gazeti alichokikunja vizuri kwenye khanga: tangazo la kliniki moja ya mjini, sindano za Kichina zenye umeme, "tunaponya magoti kabisa". Alishapiga simu. Elfu thelathini kila kikao, vikao ishirini na nne. Piga hesabu: 720,000, nauli bado. Alikuwa anafikiria kuuza shamba la mikorosho.

Jamani, hapo ndipo nilipokasirika.

Tiba yenyewe si uchawi. Unachomwa sindano nyembamba kuzunguka goti, zinaunganishwa kwa nyaya na kimashine kidogo, mkondo hafifu unapita na misuli inachezacheza. Inadhaniwa kuwa neva zikiamshwa hivyo, mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Wala Wachina na sindano zao si wageni kwetu. Madaktari wao walifika Zanzibar mwaka 1964 na Bara mwaka 1968, kabla hata ya kuanza kujengwa TAZARA, ile reli inayokatiza Kisarawe.

Na ushahidi upo, ila soma vizuri. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Beijing kwa wagonjwa 480 wa magoti, vikao vitatu kwa wiki, wiki nane. Waliopata nafuu ya maana kwenye kundi la umeme walikuwa kama 60 katika kila 100. Wa sindano bila umeme, 59. Wa sindano za kuzuga, zilizochomwa juujuu mahali pasipohusika, 47! Kwa hiyo faida halisi ya umeme juu ya danganya toto ni watu 13 katika 100. Si haba, lakini "kabisa" iko wapi? Wataalamu wenyewe hawakubaliani: chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani mwaka 2019 kiliipendekeza akupancha kwa masharti, na NICE ya Uingereza mwaka 2022 ikawaambia madaktari wasiitoe kwa ugonjwa huu.

Sisemi kuwa sindano ni utapeli. Mwenye hela zake na goti linalomnyima usingizi, akajaribu kwa mtu aliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, mimi nani nimzuie? Ninachopinga ni hilo neno kuponya. Gegedu lililolika halirudi kwa sindano. Mwambie mgonjwa maumivu huenda yakapungua, kisha mwache aamue mwenyewe kama mikorosho inatosha kwa hilo.

Na sisi wa magazeti tusijifanye hatumo. Tangazo lile lilipita mezani kwa watu kama mimi. Habari ya mistari sita tunaihakiki kwa simu tatu, lakini tangazo la robo ukurasa likilipiwa hakuna anayeuliza "kuponya" kwa ushahidi gani. Mshahara wangu unatoka humo humo, najua.

Nilichomwambia shangazi ni cha bei rahisi na hakina mvuto: arudi Tumbi waangalie hilo tumbo na dawa anazomeza, awaombe mtaalamu wa mazoezi ya viungo amfundishe kuimarisha misuli ya mapaja. Mazoezi ndiyo karibu miongozo yote inayaweka mbele. Ya kupunguza uzito sikuyagusa, mwenyewe mwembamba kama fito.

Akacheka. "Yaani nimelima miaka hamsini, leo unaniambia nifanye mazoezi?"

Nikakosa jibu. Tukakaa chini, mimi kwenye mkeka yeye kwenye kiti, tukaanza kunyoosha mguu mmoja mmoja, kumi kumi. Wajukuu wakaja kutucheka. Kile kipande cha gazeti amekirudisha kwenye khanga, hajakitupa.