Ufundi Nyumbani: Kutuma Nukushi Si Kufika



Je, umewahi kuona barua ya ofisi yenye neno "Nukushi" karibu na namba ya simu? Nukushi ni mashine ya kupeleka nakala ya karatasi kwa njia ya simu. Wengine huiita faksi. Siku hizi watu wengi hutumia simu za mkononi na barua pepe. Lakini mwenye nukushi lazima ajue matatizo yake.

Mashine husoma karatasi mstari kwa mstari. Sehemu nyeusi na nyeupe hugeuzwa kuwa mlio. Mlio hupita katika waya wa simu. Mashine ya pili huugeuza mlio huo kuwa maandishi tena. Wazo hili ni la zamani. Alexander Bain, fundi saa wa Uskoti, alilipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1843.

Tuseme katibu wa chama cha msingi huko Kahama ana nukushi nyumbani. Anatuma barua ya bei ya pamba kiwandani. Anasikia mlio, kisha anakwenda shambani. Kumbe kiwandani imetoka karatasi tupu! Siku ya kujibu inapita. Wakulima wanakosa mnunuzi. Kosa lilikuwa dogo: karatasi iliwekwa kinyume. Tazama alama kwenye mashine. Itakuonyesha kama maandishi yatazame juu au chini.

Ukishindwa kutuma

Inua mkono wa simu, usikilize. Kama hakuna mlio, kagua waya ukutani na kwenye mashine. Kama mlio upo, kagua namba. Anayepiga Shinyanga au Geita kutoka mkoa mwingine huanza na 028. Aliye nje ya Tanzania huanza na 255, kisha 28, bila sifuri.

Je, nakala ina mstari mweusi kutoka juu hadi chini? Toa nakala kwa mashine yako mwenyewe. Mstari ukionekana, kioo chako kina uchafu. Zima mashine, ukifute kwa kitambaa laini. Usipoonekana, ubovu uko kwa mwenzako.

Ukishindwa kupokea

Kagua kama umeme upo na karatasi haijaisha. Kagua pia kama mashine imewekwa ijibu yenyewe. Ukipokea simu ukasikia mlio mkali, usikate. Bonyeza kitufe cha kuanza.

Mvua ya radi ikikaribia, chomoa waya wa umeme na wa simu. Radi ikianza kupiga karibu, usiziguse nyaya hizo.

Karatasi inayofifia

Mashine nyingine hutumia karatasi ya joto, laini na yenye kung'aa. Maandishi yake hufifia kwa jua na joto. Mchimbaji mdogo wa Geita akiweka mkataba wa namna hiyo juu ya kabati dirishani, siku ya ugomvi atashika karatasi nyeupe. Toa nakala ya kawaida siku ileile, uitunze.

Kumbuka

Mlio wa mashine si jibu. Mpigie mwenzako. Muulize: "Zimefika kurasa ngapi? Zinasomeka?" Fanya hivyo hata unapotuma picha ya barua kwa simu ya mkononi. Kazi ya kutuma huisha mwenzako akisema, "Nimeipata, nimeisoma."