Chipu Kubwa kwa Kazi Ndogo

Nimechoka na vijana wanaonijia barazani na swali lile lile: "Shikamoo mwalimu. Hivi maikrokontrola ipi ina nguvu zaidi?" Nikiwauliza wanataka kutengeneza nini, hunitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. Kazi hawajaijua, lakini chombo wamekwisha kukitamani.

Mimi si mhandisi. Nilitoka chuo cha ualimu na cheti changu, nikafundisha sayansi kwa betri kuukuu, nyaya na balbu za tochi, mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu. Elektroniki nimejifunza uzeeni, tena kwa kuunguza vitu. Kwa hiyo haya ninayoyasema nimeyalipia.

Mwaka 2021 mjukuu wangu alikuja na wazo la kutengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga. Wazo zuri: sanduku la mbao, balbu mbili, rilei ya kuziwasha na kuzizima, sensa ya joto, na maikrokontrola ya kulishika joto kwenye nyuzi 37.5. Nikamwambia atumie Arduino Uno, ile yenye chipu ya ATmega328P. Akacheka. "Babu, hiyo ni ya kujifunzia tu. Ina kilobaiti 2 za kumbukumbu! ESP32 ina zaidi ya 500, ina Wi-Fi, na inakwenda megahezi 240. Uno ni 16." Nikanyamaza, maana mzee akibishana na namba huonekana amepitwa na wakati. Hapo ndipo nilipokosea.

Tuliweka mayai 60. Kati ya hayo, 20 yalikuwa ya jirani yangu, mama mmoja mjane, aliyetuamini. Siku ya 21 tulitega masikio, kimya. Siku ya 23 tukayapasua. Vifaranga walikwisha kuumbika, wamefia ndani. Sitaki kueleza nilivyokwenda kumwambia yule mama.

Nilipotia kipimajoto cha kawaida ndani ya sanduku kikasoma nyuzi 40, na kioo cha mashine kikaendelea kusema 37.5. Sababu haikuwa uchawi. Sensa yetu ilikuwa LM35, nayo huhitaji umeme usiopungua volti 4. ESP32 hufanya kazi kwa volti 3.3, na huko ndiko kijana alikoipatia sensa umeme wake. Tena LM35 hutoa milivolti 10 tu kwa kila nyuzi moja, yaani 375 kwa joto la mayai, na ESP32 inajulikana kwa udhaifu wa kupima volti ndogo kama hizo. Sasa zile megahezi 240 zilitusaidia nini? Zilikosea upesi!

Wapo watakaosema tungetumia sensa ya DS18B20, ambayo haina shida na volti 3.3. Kweli kabisa. Lakini mtu akifika hapo amekwisha kuisoma karatasi ya maelezo ya kifaa chake, na ndilo jambo ninalolidai. Uliza kwanza: vifaa vyangu vinataka volti ngapi? Nahitaji miguu mingapi? Umeme utatoka ukutani au kwenye betri? Ukitaka tangi la maji likuletee habari kwenye simu, chukua ESP32 wala usinitafute. Kwa kazi hiyo sina la kuipinga. Ukitaka kitu kilale miezi kwenye betri na kuamka mara chache, ATtiny85 yenye miguu 8 yatosha, na kumbukumbu yake ni baiti 512! Sanduku la mayai hupata joto polepole. Kulipima mara moja kwa sekunde ni anasa.

Lawama nyingine ni yetu walimu. Tumezoea kumsifu mwanafunzi anayetaja majina ya vifaa vipya, na yule anayeuliza "kwa nini?" tunamwona anachelewesha somo. Nami nimefanya hivyo, miaka mingi.

Basi tulirudi kwenye Uno. Kwa kawaida hiyo hupima kwa ngazi 1024 ndani ya volti 5, kila ngazi karibu nusu nyuzi, jambo ambalo halitoshi. Tukaiamuru itumie kipimo chake cha ndani cha volti 1.1, ngazi ikawa kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kwa kuwa kipimo hicho hutofautiana chipu hadi chipu, tulikilinganisha na kipimajoto kwa siku mbili, sanduku likiwa tupu. Hesabu ile aliifanya mjukuu mwenyewe, kwenye daftari, na nilimwona anafurahi.

Mayai 40, vifaranga 31. Wa kwanza 20 walikwenda kwa yule mama. Mjukuu wangu bado anasema mashine ingependeza zaidi kama ingekuwa na Wi-Fi.