Mkono wa tabibu wa meno upimwe kabla ya cheti

Mfanyabiashara anayeshuka Nyabugogo na kufikia Biryogo, mtaa wa Kigali unaozungumza Kiswahili, hajioni mgeni. Ugeni huanza jino linapomuuma usiku. Kesho yake atamfungulia kinywa mtu asiyemjua, mwenye sindano ya ganzi na koleo. Je, mkono huo umepimwa na nani?

Swali hilo ni la Afrika Mashariki nzima. Kazi nyingi za kusafisha na kung'oa meno hufanywa na watumishi wa ngazi ya kati. Tanzania huwaita matabibu wa meno; Kenya na Uganda zina majina yao, mitaala yao na mabaraza yao. Rwanda nayo huwasajili kupitia baraza la kada shirikishi za afya, si lile la madaktari.

Mtihani wa karatasi hautoshi kuwapima. Mtahiniwa anaweza kuandika vizuri kwamba vifaa huchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, kisha kazini akavifuta kwa spiriti tu. Vifaa hivyo vinaweza kubeba virusi vya homa ya ini B na VVU. Ndiyo maana vyuo vingi duniani hutumia mtihani wa vituo ulioelezwa na Ronald Harden wa Dundee, Scotland, mwaka 1975. Kengele hulia, mtahiniwa huhama, na kila kituo kina kazi moja: kumuuliza mgonjwa kuhusu presha na kisukari, kuchoma ganzi, kuondoa ukoga bila kuchana fizi. Wote hupimwa kwa orodha ileile ya alama.

Wafanyabiashara wanaelewa faida ya kipimo kimoja. Bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 huvuka mpaka kwa cheti rahisi cha uasili. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu Julai 1, 2010, inataka vyeti vya taaluma navyo vitambuliwe. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wameshatiliana saini.

Kada ya meno ifuate. Mabaraza yakubaliane stadi chache za lazima, orodha moja ya alama, na watahini wanaobadilishana nchi. Ni kweli mtihani wa vitendo ni ghali, kwa kuwa unahitaji watahini wengi na vifaa. Basi uanze na stadi tano zinazogusa uhai wa mgonjwa. Anayehofia wageni kuchukua ajira ajue kuwa kipimo hicho kitamzuia asiyeweza kazi, awe mgeni au mwenyeji.

Hadi hapo, msafiri aulize leseni na adai vifaa vifunguliwe mbele yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika soko la pamoja, mgeni naye apone.