Wapuritani Hawakuleta Uhuru wa Dini Marekani

Muulize mwanafunzi yeyote wa historia kwa nini Wapuritani walivuka bahari ya Atlantiki, atakujibu bila kusita: walifuata uhuru wa dini. Jibu hilo limo vitabuni, limo mahubirini, na wanasiasa wa Marekani hawachoki kulirudia. Nalipinga. Wapuritani walitafuta mahali pa kuabudu watakavyo wao, na walipopapata wakawafungia wengine wote mlango. Uhuru wa dini ambao Marekani inajivunia leo ulipiganiwa na watu waliofukuzwa, waliochapwa na walionyongwa na Wapuritani hao hao.

Tazama yaliyotokea Boston, katika koloni la Wapuritani la Massachusetts, tarehe 27 Oktoba 1659. Waquaker watatu, William Robinson, Marmaduke Stephenson na Mary Dyer, walitolewa gerezani wakapelekwa kunyongwa. Walikwenda wameshikana mikono, askari wamewazunguka, ngoma zikipigwa kwa nguvu ili umati usisikie watakalosema. Wanaume wawili walinyongwa Dyer akitazama. Kisha zamu yake ikafika. Akafungwa mikono na miguu, akavishwa kitanzi, na mchungaji John Wilson akatoa leso yake afunikwe uso. Hapo ndipo ilipotangazwa kwamba amesamehewa. Mahakama ilikuwa imekwisha kuamua kabla kwamba asiuawe siku ile. Ilitaka apelekwe hadi kwenye mti wa kunyongea ili atishike. Hakutishika. Mwaka uliofuata alirudi Boston kuipinga sheria iliyomhukumu, na tarehe 1 Juni 1660 wakamnyonga kweli.

Alikuwa ameua? Ameiba? La. Aliamini kwamba Mungu husema na moyo wa mtu pasipo mchungaji kuwa mlinda mlango, na alirudi katika koloni alilofukuzwa. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1658 ilisema Mquaker akifukuzwa kisha akirudi, auawe.

Najua Wapuritani nao waliteswa Uingereza. Mwaka 1637 watatu kati yao walikatwa masikio hadharani mjini London kwa maandishi yao dhidi ya maaskofu, na wenzao walilia kwa uchungu, tena kwa haki. Lakini mwaka 1658, miaka 21 tu baadaye, serikali ya Wapuritani mjini Boston iliwakata masikio Waquaker watatu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Watetezi wao husema zama zile ndivyo zilivyokuwa, hakuna aliyejua njia nyingine. Si kweli. Njia nyingine ilijulikana, na walioijua walikuwa miongoni mwao. Roger Williams alikuwa mchungaji pale pale Salem. Alifundisha kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, na kwamba mfalme wa Uingereza hana haki ya kugawa ardhi ya wenyeji. Oktoba 1635 mahakama ikaamua afukuzwe. Akatoroka katikati ya baridi kali, akahifadhiwa na Wawampanoag, na mwaka 1636 akaanzisha Providence kwenye ardhi aliyopewa na Wanarragansett. Anne Hutchinson, mkunga aliyekuwa akikusanya watu nyumbani kwake kujadili mahubiri, alihukumiwa mwaka 1637 mbele ya Gavana John Winthrop, naye akafukuzwa. Wafuasi wake wengi wakaelekea huko huko. Hivyo ndivyo koloni la Rhode Island lilivyokua: kwa watu waliotupwa na Massachusetts. Wabaptisti walikaribishwa, Waquaker wakakaribishwa, baadaye Wayahudi pia, na hati ya kifalme ya mwaka 1663 ikaandika wazi kwamba mtu asisumbuliwe kwa sababu ya imani yake. Wakati huo Massachusetts bado ilikuwa inawachapa watu mijeledi.

Jambo hili linatuhusu hata sisi. Mwaka 1902 wamisionari wa Quaker kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mtoto wa Kaimosi anayefundishwa kwamba Wapuritani ndio waasisi wa uhuru wa dini anafundishwa kuwashukuru wanyongaji wa watu wa imani yake. Mwalimu anayelisema hilo darasani ana wajibu wa kutaja na jina la Mary Dyer.

Na tukirudi Massachusetts, wala kunyonga hakukukoma kwa sababu dhamiri za viongozi wa Boston ziliwasuta. Machi 1661 walimnyonga William Leddra. Aliyewazuia kuendelea ni Charles wa Pili, mfalme wa Kanisa lile lile la Uingereza walilolikimbia, aliyeamuru mwaka huo huo kwamba Waquaker wasiuawe tena. Barua yake ilikabidhiwa kwa Gavana John Endecott na Samuel Shattuck, Mquaker wa Salem ambaye Massachusetts ilikuwa imemfukuza. Gavana akatii kuhusu vitanzi. Mijeledi haikuachwa: sheria ya 1661 iliagiza Mquaker afungwe nyuma ya mkokoteni na kuchapwa mji hadi mji, mpaka avuke mpaka wa koloni.